Ndege Iliyomngoja Mama Mkwe

Harufu ya petroli iliyochanganyika na mavi ya popo hunirudisha Nalufenya, Jinja, ndani ya banda la mabati ambamo baba yangu alinunua ndege. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa fundi wa injini jeshini, na marubani walimfunza kurusha. Alipostaafu, kiinua mgongo chake hakikuzaa ng'ombe wala duka. Kilizaa ndege kuukuu ya viti viwili, yenye mabawa ya kitambaa, iliyofungiwa humo tangu wenyewe, Wahindi, walipofukuzwa nchini. Mwenye ndege, Kalasinga mzee aliyerudi kudai nyumba yake, aliipapasa huku akicheka. "Afande, hii mzee kuliko wewe," alimwambia baba. "Usilazimishe. Bembeleza tu." Msimu mzima wa mvua baba aliibembeleza, akishona mabawa na kuyapaka rangi, nami nikimtilia uzi kwenye sindano. Shule niliisahau, na kusema kweli sikuikumbuka tena vizuri.

Siku ya kuipeleka nyumbani Mbale ilipofika, mama hakulia wala kukataza. Alisema tu, "Nenda na mtoto. Ukiwa naye utaruka kwa akili." Yeye akatangulia kwa basi. Baba hakuwa na ramani. Alifuata reli, kwa kuwa reli, alisema, inajua njia. Tulipita Iganga, tukafika Tororo, tukageukia kaskazini. Mashamba ya mpunga yaling'aa chini yetu kama sahani zilizotoka kuoshwa, na upepo ulinuka moshi wa vichaka.

Juu ya uwanja wa nyasi wa Mbale tuliona umati, na mbele kabisa mwanamke aliyevaa gomesi ya manjano, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka. Alikuwa bibi, mama yake mama, aliyeshuka mlimani kwa miguu tangu alfajiri kwa ajili yangu. Baba akaivuta ndege juu tena.

"Baba, kuna nini?"

"Mama mkwe."

Kwetu Bugisu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikaribiana njiani, mmoja huingia migombani. Uwanjani hapakuwa na mgomba hata mmoja.

"Na petroli je?"

"Heshima si utumwa," alijibu, lakini jasho lilimtiririka shingoni. Tulizunguka mara mbili, mara tatu. Nilimpungia bibi mikono aondoke. Naye, masikini, akanipungia kwa furaha. Injini ikaanza kukohoa. Ndipo nilipomwona mama akikimbia, akamfikia, akamnong'oneza rubani ni nani. Bibi akageuka, akajifunika khanga kichwani. Tukatua tukirukaruka kama mbuzi.

Nilipomkimbilia, alikuwa angali ameuelekea mlima, akiwauliza watu, "Mtoto mzima? Miguu yote miwili?" Alinyoosha mikono nyuma, akanipapasa uso bila kugeuka, kwani baba alikuwa bado anashuka.

Siku hizi wakwe hupiga picha harusini bega kwa bega, na sioni ubaya. Mtembezi hula miguu yake. Yangu nimeila katika miji mingi, na mara nyingine nimepokewa na watu walionyanyua simu kunipiga picha, wasipitwe na lolote. Hapo humkumbuka bibi. Alitembea tangu alfajiri aone mjukuu wake akishuka kutoka angani, na katika uwanja mzima ni yeye peke yake ambaye hakuona.