Ukuta wa Bi Zuhura

Nakumbuka siku moja kule Simbo, mwanangu, miaka ile wenzetu wa Burundi walipokuwa wakikimbilia huku kwetu. Siku hiyo nilimwona baba yangu akibomoa ukuta alioujenga mwenyewe, tena anacheka.

Baba alikuwa fundi mwashi wa Ujiji, na neno lake kubwa lilikuwa wima. Ukuta ulionyooka toka chini hadi juu, huo wima. Mtu asiyepindisha maneno, naye wima. Ila kwa mama neno hilo lilikuwa na balaa lake: ole wako akukute unakunywa maji wima! Ungeketi mwenyewe kabla hajakufikia.

Basi, niliwapelekea mafundi ugali na dagaa kwenye nyumba waliyokuwa wakimjengea Bi Zuhura, mjane mwenye watoto wadogo. Baba alikuwa akisaidiwa na Bukuru, kijana mkimbizi, na kazi ile ndiyo iliyomlisha mkewe na kichanga chao. Nilimkuta Bukuru ameduwaa mbele ya ukuta wa chumba cha watoto. Ulikuwa umeinamia ndani. Macho ya baba yalishaanza kuchoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Bukuru angeweza kunyamaza akalinda kibarua chake. Angeweza pia kupaza sauti, mwenye nyumba akasikia. Alichukua timazi, ule uzi wenye chuma cha kupimia, akamsogelea baba.

"Mzee, tupime pamoja. Nishikie uzi hapo juu."

Baba akashika. Chuma kikaning'inia, kikatulia mbali kabisa na ukuta. Baba akakitazama, kisha akamgeukia Bukuru.

"Kwenu kitu kikinyooka mnasemaje?" akauliza.

"Kimegororoka, Mzee."

Baba akaangua kicheko, maana Kiha chetu na Kirundi ni ndugu. "Basi huu haujagororoka hata kidogo!" Akaita, "Bi Zuhura, dada yangu, ukuta huu nimeukosea mimi. Naubomoa."

Bi Zuhura akashika kiuno. "Na mvua hii inayokuja?"

"Mvua ikija, wanao watalala kwangu."

Na kweli ilikuja. Watoto wale walijaa kwetu, kelele mpaka mama akasahau kutukemea. Nyumba ilipokwisha, Bi Zuhura alipika pilau, na baba akamketisha Bukuru pembeni yake, akamtambulisha kwa kila mgeni: "Huyu ni fundi mwenzangu."

Mwanangu, ukiona kosa la mkubwa wako, usilifiche, wala usilitangaze soko zima la Mwanga. Mwendee kwa adabu, alione kwa macho yake. Na kosa likiwa lako, litamke mwenyewe, kisha lirekebishe siku hiyo hiyo. Hakuna heshima iliyopungua hapo.

Mola akujaalie rafiki wa kukwambia kweli kwa upole, akupe na moyo wa kumshukuru. Nyumba yako isikose vicheko. Amina.