Lazima Miguu Ifike Chini

Juzi nilikuwa Songea, nimekwenda kumwona mama, nikapita Bombambili kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Palikuwa na binti wa shule, mrefu kama mlingoti wa bendera, amepandishwa juu ya baiskeli, akiinuka kidogo fundi anaishindilia siti chini kwa nyundo. "Kaa vizuri dada," anamwambia, "lazima miguu yote miwili ifike chini." Binti anaitikia kwa kichwa. Magoti yake yalikuwa karibu yaguse usukani. Nilisimama pale, mimi mtu mzima mwenye mkoba na miwani, damu ikanipanda. Nikamwambia yule fundi maneno ambayo sitayaandika hapa, naye akanitazama kama anayetazama kichaa. Sasa rafiki yangu, kaa kitako nikueleze kwa nini niligombana na mtu nisiyemjua kwa ajili ya siti.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kama ulikuwepo unakumbuka: maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakajaa ghafla sabuni za kunukia, dawa ya meno, redio na marobota ya mitumba. Tuliambiwa milango imefunguliwa. Nyumbani kwetu ulifunguka mlango wa kutokea tu. Baba alikuwa karani wa ushirika, kazi yake kupima mahindi ya wakulima. Wafanyabiashara walipoanza kuja na malori yao na kununua mahindi huko huko shambani, ushirika ukayumba, ukaanguka, baba akaambiwa akapumzike. Alipumzika barazani kwa muda, kisha akafunga begi akaenda Tunduru kutafuta madini. Tangu hapo mkubwa wa nyumba yetu akawa kaka yake, baba mkubwa, aliyeishi Lusewa na kuja mjini kila alipohitajika na hata asipohitajika.

Nami nilikuwa nimechaguliwa sekondari ya kutwa. Shule ilikuwa ng'ambo ya mji, sisi tukikaa pembeni kabisa, upande wa barabara ya Njombe. Niliondoka na ukungu wa milima ya Matogoro ukiwa bado umelala barabarani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na bado nilifika kengele ikiwa imeshalia. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Hakuuliza mtu anatoka wapi. Baba mkubwa alishasema mapema: mtoto wa kike akianza kuchapwa kwa kuchelewa, mwisho wake ni kufukuzwa, na kabla hajafukuzwa ni heri aje Lusewa amsaidie mke wake kazi za nyumbani. Hayo ndiyo yaliyokuwa yananisubiri.

Mama hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda bandani, akamwuza nguruwe wake aliyekuwa anamnenepesha kwa ajili ya Krismasi, akaenda sokoni na kurudi na baiskeli. Ilikuwa imetoka na mitumba, na ilipatikana rahisi kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ilikuwa ya mbio: tairi nyembamba, siti ngumu kama kibao, na usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo. Haikuwa na keria wala kengele. Watu wa Songea tulizijua baiskeli nzito nyeusi zinazobeba gunia la mahindi na mke juu yake. Hii watoto wa mtaani waliiita Panzi siku ile ile. Mimi niliipenda kabla sijaigusa.

Tukaipeleka kwa fundi, na baba mkubwa akatufuata, maana alikuwa mjini. Naomba uone jambo hili lilivyokwenda. Mpandaji nilikuwa mimi, lakini walioongea walikuwa wao wawili. Fundi aliugeuza usukani juu chini, pembe zikaangalia mbinguni. Gia akazifunga kwa waya mahali pamoja, akisema zitanichanganya. Kisha akaniambia nikae, akaishusha siti, akaishusha tena, mpaka nyayo zangu zote mbili zikalala ardhini.

"Hapo hapo," alisema baba mkubwa. "Mtoto wa kike lazima miguu ifike chini. Akiyumba, ajishike."

"Mzee umenena," fundi akajibu, akakaza nati kwa nguvu zake zote.

Nilikuwa nimeshampita mama kwa urefu mwaka ule. Nilipoendesha, magoti yalikuja juu mpaka yanapishana na viwiko. Kabla wiki haijaisha yalikuwa yanawaka moto. Nilipanda vilima vya mji nikiwa nimeuma meno, watu wenye baiskeli za magunia wananipita, na baada ya muda nikawa nashuka na kuikokota. Nikawa nachelewa na baiskeli kama nilivyochelewa bila baiskeli. Mwalimu wa zamu alifurahi sana. "Mwenzetu ana usafiri lakini hafiki!" alisema, na shule nzima ikacheka, huku mimi nikinyoosha mkono kupokea fimbo.

Bibi yangu, mzaa mama, tuliyekuwa tunaishi naye, alinichua magoti kwa mafuta ya nyonyo kila jioni kabla ya ugali. Majirani walikuja kutazama. Kila mmoja alikuwa na la kusema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda baiskeli. Walisema mifupa ya msichana ni laini. Walisema nitakuja kushindwa kuzaa. Jirani mmoja wa upande wa chini, mama wa chama cha kanisani, alimwambia mama mbele yangu kwamba nguruwe wa watu amekwenda bure. Baba mkubwa alipopata habari alituma ujumbe kutoka Lusewa: muhula ukiisha, mtoto aje huku, na baiskeli pia ije. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, lakini pale kwetu wasiokilalia ndio waliokuwa wanawahesabu.

Mvua za kwanza zilipoanguka tukaenda shambani kupiga matuta. Sasa pale kwetu kuna desturi moja. Binti akifikia umri wa kulima kwelikweli anakatiwa mpini wake. Anasimama peku, mti unasimamishwa mbele yake, unapimwa kiunoni, unakatwa hapo. Jembe hilo ni lake, na mwenzake halichukui. Siku ile langu lilikuwa limelegea, nikachukua la bibi, naye ni mfupi. Sikufika mwisho wa tuta la pili mgongo ukaanza kulia. Bibi akaja mbio, kanga imemdondoka begani, akaninyang'anya.

"Wewe mtoto, hilo limekatwa kwa kiuno changu! Litakuvunja mgongo, halafu uende ukaseme kilimo ni kibaya."

Nilibaki nimesimama kwenye tuta, mikono mitupu. Ghafla nikaona hasira ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Kumbe wote walikuwa wanajua! Kila mwanamke aliyekuja kutazama magoti yangu alikuwa na jembe la kimo chake nyuma ya mlango. Fundi mwenyewe mama yake alikuwa nalo. Baba mkubwa alikuwa anawakatia mipini binti zake kwa mkono wake. Lakini jambo lilipokuwa baiskeli, na mpandaji msichana, kimo changu hakikuwa na maana tena. Kilichotakiwa ni niwe karibu na ardhi.

Jumapili baada ya misa niliazima spana kwa jirani mmoja, mwalimu mgeni aliyetoka Bukoba, ambaye hakuniuliza ya nini. Nati ile ya fundi ilinitoa jasho, lakini ilikubali. Nikapandisha siti kidogo, nikaenda mpaka kanisani na kurudi, nikasikiliza magoti. Nikapandisha tena. Mwisho nikaegemea ukuta wa nyumba, nikaweka kisigino kwenye pedali ya chini, na mguu ukanyooka wote. Hapo nikakaza. Usukani nikaurudisha ulivyozaliwa, nikauinua kidogo ili mgongo usilalamike, nikauzungushia vipande vya kanga kuukuu mikono isichubuke. Pua ya siti ilikuwa inatazama juu na kuniumiza, nikailaza. Waya wa gia nikaukata. Mama alinitazama akiwa anapepeta mchele, kisha akaingia ndani na kunishonea bukta ndefu ya kuvaa chini ya sketi.

Sikufichi, nilianguka. Ukiwa juu namna ile ardhi iko mbali, na kusimama kuna ufundi wake: unateleza kutoka kwenye siti kwanza, unalaza baiskeli upande, ndipo unaweka mguu mmoja. Mguu mmoja tu unatosha! Nilichubuka kiwiko, nikapaka majivu, nikapanda tena. Jumatatu nilishuka barabara ya lami na upepo masikioni, tairi nyembamba zikiimba, nikiwapita wa magunia mmoja mmoja na kuwaamkia, "Shikamoo mzee! Shikamoo!" Nilifika shuleni mwalimu wa zamu akiwa bado anakunywa chai. Wiki zilizofuata magoti yalinyamaza kabisa. Nikirudi mchana nilikuwa na nguvu ya kuteka maji, kutwanga, na kula ugali na dagaa wa Nyasa kama mtu aliyelima ekari. Siku zile nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote wa utoto wangu, na nilidhani jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Sasa hawakulalamika tena kwamba mtoto anaumia. Walilalamika kwamba mtoto anaonekana. Jirani yule wa chini alisema nimejiweka juu kama naomba kura. Baba mkubwa akaja. Alikunywa togwa yake, akafuta mdomo, akaita kikao sebuleni.

"Siti ile nani kaipandisha?"

"Mimi, baba mkubwa."

"Na msichana anayekaa juu vile anataka aonwe na nani?"

"Ikiwa chini magoti yananiuma. Ni kama kulima kwa jembe la mtu mwingine. Na sasa sichelewi, baba mkubwa, hata mwalimu ukimwuliza..."

"Mimi sikukuuliza habari za majembe."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Bibi alikohoa mlangoni, lakini yeye alikuwa wa upande wa mama, katika kikao kile hakuwa na kauli. Baba mkubwa akasema baiskeli yenyewe ina chuma katikati, ni ya kiume tangu huko ilikotoka, na anaye kijana wa kuitumia. Shule kama nataka niende, basi niende kama wenzangu. Kesho yake Panzi alipandishwa juu ya basi la Lusewa, akafungwa kamba pamoja na magodoro na kuku. Nilisimama stendi nikaliangalia basi mpaka likapinda.

Niliendelea kutembea. Lusewa sikwenda kuwa mtumishi wa mtu; kwa hilo nilikataa kabisa, na mama safari hii alisimama nami kwa kunyamaza kule kule, akiniwekea kiazi cha moto kwenye karatasi kila asubuhi. Nilichapwa mpaka kidato cha nne. Sijui wewe unaitaje jambo hilo. Mimi naliita dhulma, na umri haujanipunguzia neno.

Pasaka tulikwenda Lusewa kusalimia. Mtoto wa baba mkubwa alikuwa rika langu, na kimo chetu kilikuwa kimoja. Nilikuwa napitisha togwa kwa wageni alipotokea barabarani, mgongo umelala vizuri, miguu inanyooka mpaka mwisho. Siti ilikuwa pale pale nilipoikaza mimi. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa, hata vipande vya kanga vilikuwa bado vimezunguka usukani. Mgeni mmoja akasifu, akasema kijana anaendesha kama amezaliwa nayo. Na baba mkubwa, rafiki yangu, baba mkubwa akajibu bila aibu, mbele yangu nikiwa nimeshika sinia: "Baiskeli ukiipangia kimo chako haikusumbui hata kidogo."

Mengi ya siku zile hayapo tena. Panzi alikufa huko huko Lusewa, fremu yake ikaishia kuzibia mwanya wa zizi. Bibi tulimzika. Bodaboda sasa zinapanda vilima vile kwa dakika chache, na mabinti wa shule wanapakiwa nyuma watatu watatu. Baba hakuwahi kurudi na madini. Alirudi na kikohozi. Nikipita lami ile ya kushukia mjini bado miguu yangu inajua ni wapi ningeacha kukanyaga na kuiachia baiskeli ishuke yenyewe. Najiuliza ningekuwa na asubuhi ngapi za namna ile, na hapo hasira inarudi upya.

Baba mkubwa alifariki mwaka juzi, mzee wa kuheshimiwa, uwanja umejaa watu. Msomaji wa wasifu akasimama na kipaza sauti, akasoma kuzaliwa, akasoma ndoa, akasoma uongozi. Akafika mahali akasema marehemu alipenda sana elimu, na aliwasomesha watoto wake na watoto wa ndugu zake, wa kike kwa wa kiume, bila kubagua. Watu wakaguna kwa kukubali. Mama alikuwa ameketi mkekani pembeni yangu, mzee sasa, mkono wake juu ya goti langu. Akainua kichwa. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Wa kike hapana," alisema. "Wa kike alitembea."

Msomaji akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea. Mimi nikalia mpaka mabega yakatikisika. Shangazi mmoja akaniletea maji na kuniambia nijikaze, tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Nikayapokea yale maji, nikamnywesha mama kwanza.