Laptopu ya Baba Isiyozimwa

Asubuhi ya Jumamosi, tukiwa mezani, baba alitangaza kwamba kesho yake baada ya misa angemkabidhi mtu mwingine ukatibu wa kwaya. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyechapa maneno ya nyimbo zote, kwenye laptopu kuukuu niliyomwachia nilipopata mpya. Nilikuwa nimeitia Linux, mfumo endeshi mwepesi, ili mashine ipate kuishi zaidi.

"Kichwa yangu iko inachoka, mama," aliniambia. Hapa kwetu Likasi baba humwita bintiye mama, hasa akiwa na jambo zito. "Nagusa, hakuna kitu. Nagusa tena, vinafunguka vitatu. Njo kuzeeka ile." Ndio uzee huo, alimaanisha.

Nilikuwa nimemwona: akiandika neno, akisubiri, akilirudia, akivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Niliamini akili imeanza kumtoka. Moyo uliniuma, na kama kawaida yangu uchungu nikaugeuza hasira. Nikaivuta laptopu upande wangu, nikaandika jina langu.

Likakawia vilevile. Nilihesabu hadi saba ndipo herufi ya kwanza ikajitokeza.

Nikazima madoido yote ya madirisha. Hakuna nafuu. Diski nayo ilikuwa na nafasi tele. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaiuliza ni programu zipi zinazokula kumbukumbu, ikanimwagia orodha isiyokwisha, ilhali mbele yangu palikuwa na dirisha moja tu. Tena ilionyesha kwamba mashine haikuwa imezimwa tangu mvua zilizopita.

"Papa, unazimaka hii mashine?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Fourneau banazimaka?"

Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Tanuru lile halizimwi; likipoa, shaba inaganda humo ndani. Zamu yako ikiisha unaliacha likiwaka, anaingia mwenzako. Basi baba alikuwa akiifunika tu laptopu, na kila asubuhi, bila kufunga chochote cha jana, alihamia eneo-kazi jipya, yaani skrini nyingine iliyo tupu, aanze zamu yake. Linux ilikuwa ikimpa maeneo-kazi hayo bila kulalamika. Nilianza kurudi nyuma, moja baada ya jingine: nyimbo za Pasaka, nyimbo za Noeli, misa ya mazishi ya jirani yetu. Zote wazi, zote zikingoja mtu wa zamu inayofuata. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sijui kama nimewahi kumpenda kuliko siku ile.

Tulihifadhi nyimbo pamoja, dirisha kwa dirisha, naye alisoma kila moja hadi mwisho kabla ya kuniruhusu niifunge. Kisha nikamwomba aizime mashine mwenyewe. Alisita sana, kidole kikiwa hewani, akaizima.

Ilipowaka tena aliandika mstari wa kwanza wa wimbo wa mwanzo. Herufi zilitokea papo hapo. Akaandika wa pili, haraka zaidi, halafu akaacha.

"Kumbe haikuwa minye," akasema, akijigusa kifua.

"Haikuwa weye, papa."

"Basi kesho sitaachia mutu kazi yangu." Alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. Akanigeukia. "Na weye uliwaza ni minye?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo, papa."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa."

Akaunyosha mkono wake wenye makovu ya moto, akaushika wangu juu ya meza.

"Minye pia niliogopa," akasema, na hakuuachia.