Kuenga na Kudekeza

Nakumbuka asubuhi moja hapa Msambweni, mjukuu wangu, nimejilaza kitandani na wala siumwi popote. Nilikuwa nimejifungua kifungua mimba wangu, mjomba wako Hamisi, na arobaini ilikuwa imekwisha zamani. Lakini mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mapenzi ya kupita kiasi. Uji wa pilipili manga aniletee yeye, maji ya moto anikogeshe yeye, mtoto amwogeshe, ambembeleze, amlaze chumbani kwake. Mimi nilipewa mtoto wa kunyonyesha tu, kisha huyo, kachukuliwa. Nikadeka, nakwambia! Nani angekataa?

Siku hiyo alikuja Bi Mishi, mkunga aliyenizalisha. Akamkuta Hamisi analia mikononi mwangu, kila nikimtuliza ndivyo anavyozidi. Mama mkwe akamchukua, mtoto akanyamaza papo hapo. Roho iliniuma.

Bi Mishi akamgeukia mama mkwe. "Dada yangu, mzazi huyu bado wamwenga, au wamdekeza?"

"Si mamoja hayo?"

"Si mamoja. Kuenga ni kumshika mtu kwa uangalifu mpaka apate nguvu. Huyu nguvu anazo, nawe hujamwachia. Sasa mtoto hamjui mamake."

Nikashangaa. Maneno tunayo tele, kubembeleza, kuengaenga, kuendekeza, kumpa mtu kichwa, nami nilikuwa nikiyatumia ovyo kana kwamba yote ni jambo moja. Hata leo nikisikia mtu akiyataja, husikiliza kwanza anamaanisha lipi.

Mama mkwe alinuna, usidhani hakununa. Lakini alinirudishia mtoto, akaenda zake jikoni. Hamisi akaangua kilio. Nilimtembeza uani, nikamwimbia nyimbo zote nilizozijua na nyingine nikazitunga, jasho likinitoka. Alilia mpaka akachoka, akanilalia begani. Hapo na mimi nikalia, kwa furaha.

Basi mwanangu, ukimsaidia mtu, awe mzazi, mgonjwa au mtoto, kila mara mtazame upya: leo anaweza nini ambacho jana hakukiweza? Hicho mwachie, hata akikifanya vibaya. Mwanao akitaka kufunga kamba za viatu mwenyewe, mwache afunge, na mkichelewa shule mchelewe. Na wewe ukiengwa, shukuru, kisha siku ikifika sema, "Ahsante, sasa nipeni mwanangu."

Mola akupe mikono laini na moyo wa subira, na mwanao akianguka, akukimbilie wewe.