Neno Moja la Daktari

Daktari yule wa Kizungu sijamsamehe, wala sina mpango wa kumsamehe.

Miaka ya hamsini ilikuwa ukingoni, nami nilifanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya Goma: kupaka damu kwenye vioo, kuitia rangi, kumpelekea yeye kwenye darubini. Alipoletwa mdogo wangu wa kike, fizi zikimtoka damu, vioo vilijaa chembe nyeupe, changa, kubwa mno. Daktari alimtajia mtawa muuguzi ugonjwa papo hapo, nami nikisikia: saratani ya damu.

Nyumbani walikuwa na jibu lao: sumu. Shangazi, dada mkubwa wa baba aliyeuza samaki katika soko la Kituku kando ya ziwa, ndiye aliyemlisha mtoto mara ya mwisho kabla hajaugua. Nikaeleza nilichosikia. Baba akanikatiza.

"Wewe ni mutoto wa hii nyumba. Kwa maneno ya sumu, mutu wa nyumba hawezi shuhudia. Munganga wa hospitali aseme mwenyewe."

Nikamwomba daktari amwambie baba neno moja tu.

"Ngojea," akasema. "Kwanza nihesabu."

Alikuwa amesoma kwamba ndani ya chembe inayogawanyika kuna nyuzi, kromosomu, na kwamba katika ugonjwa huu huenda zikaharibika. Basi akamtoboa mtoto mfupa wa kifua, akavuta uboho. Mimi niliuloweka kwenye dawa na kuutia rangi. Yeye akaukandamiza chini ya kioo kwa kidole gumba ili nyuzi zitawanyike. Zilishikana kama ukindu uliofumuka, hazikuhesabika. Akataka uboho mwingine. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na bwana mkubwa akirekebisha darubini alikuwa anapiga mluzi. Mluzi!

Shangazi alifukuzwa kwetu. Mtoto alipokufa, shangazi huyo alizuiwa njiani asifike kaburini.

Baada ya maziko, hesabu zikiwa zimemshinda, ndipo daktari akamwita baba: ni ugonjwa wa damu, hakuna mtu aliyemtilia kitu. Jambo hilo alilijua tangu kioo cha kwanza.

Tulishuka Kituku mimi na baba. Shangazi alikuwa anapara samaki, hakuinuka.

"Munganga anasema si wewe," baba akasema. "Rudi nyumbani."

"Mama alikufa, nikakubeba mugongoni," shangazi akamjibu. "Nikakulisha mpaka ukaoa. Ile yote haikutosha, mpaka Muzungu aseme."