Fremu Isiyovunjika

Fremu ile nene ya kahawia bado ipo kabatini, nzima, na nikiinusa napata moshi wa kuni. Mama aliichagua dukani Korogwe kama alivyochagua jembe: aliigonga mezani, akaikunja, akaiangusha sakafuni.

“Mama, hiyo ni miwani,” muuzaji alisema, na wateja wakacheka.

“Huyu wangu anachunga mbuzi porini, baba,” mama alijibu, akaigonga tena.

Nikajisogeza taratibu hadi kwa mwanamke mmoja aliyevaa viatu vya visigino, nikasimama ubavuni mwake kama mwanawe.

Muuzaji akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Mama alinitafuta kwa macho, akanikuta pale.

“Yule,” alisema kwa upole. “Haoni vizuri, baba. Kadhani yule mama ni mimi.”