Kichwa Changu Ndani ya Pipa

Mkuu wa chuo akigundua, atanifukuza? Wazo hilo lilininyima usingizi. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika chuo kimoja hapa Kampala, nikiwafundisha wanafunzi kutenganisha taka. Hawakujali. Maganda ya matoke na chupa za plastiki walivitupa katika pipa moja. Kwa woga, kila asubuhi nilidamka kuzitenganisha taka mwenyewe, na mkuu akawasifu wanafunzi akidhani ni wao.

Jana nikiwa nimeinamia pipa nikasikia, "Pole, dada. Njaa mbaya." Walikuwa wanafunzi wawili. Hawakuwahi kuja kwenye mafunzo yangu, hivyo hawakunijua. Mmoja alinipa chapati na mayai ndani ya kaveera, mfuko uleule wa plastiki ninaoupiga vita.

"Kula, usione haya."

Kujieleza kulinitisha zaidi ya kudhaniwa ombaomba. Nikala.

Mara mkuu akatokea. Mwanafunzi akamwambia, "Madamu, msaidie huyu. Kila asubuhi anatafuta chakula kwenye mapipa."

"Kila asubuhi?" Mkuu alinikazia macho.

Ningeweza kusema kwamba ni kweli, nina njaa. Nikameza tonge.

"Madamu, wanafunzi hawatenganishi taka. Ni mimi."